Mrututu Kwenye Maji ya Dada

4 Juni

Dada amehamia kwangu leo. Vitu vyake vyote vimeenea kwenye pikapu moja ndogo: kitanda, masanduku mawili ya vitabu, sufuria zake, maana haamini kama mimi ninazo, na kiti cha kukunja. Magoti yamekataa. Binti yake alitaka kumchukua, lakini anakaa ghorofa ya tatu na jengo halina lifti. Daktari amesema atembee ndani ya maji kila siku, maji yamfike kifuani, la sivyo baada ya mwaka atakuwa mtu wa kubebwa.

"Bwawa ninalo," nikamwambia.

"Lile shimo la majani makavu?"

Kweli ni shimo. Tangu pampu ilipokufa, na mke wangu akafuatia mwaka uleule, sijalijaza. Miaka saba.

6 Juni

Nimenunua daftari hili niandike habari za maji. Hayo mengine nitakayoyaandika ni kwa kuwa kurasa ni nyingi.

Tatizo ni ngozi yake. Ile dawa ya kawaida ya bwawa humtoa malengelenge. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za kufundisha sayansi, alikuwa akiosha vyombo vya maabara kwa glavu. Kwa hiyo leo amekaa mezani akageuza kalenda ya mwaka jana, akachora nyuma ya karatasi. Upande mmoja bwawa. Upande wa pili kitanda cha kokoto kilichopandwa matete na mafunjo. Pampu inavuta maji bwawani, inayapeleka chini ya kokoto, yanapanda taratibu katikati ya mizizi, kisha yanamwagika kwenye ukingo na kurudi bwawani.

"Vijidudu vinavyokaa juu ya kokoto ndivyo vitakavyosafisha," akasema. "Mimea itakula kile ambacho mwani ungekula. Kazi yetu sisi ni kutoviua tu."

Nimefanya kazi idara ya maji miaka thelathini na mmoja, nikiwa fundi wa pampu. Mkate wangu ulitokana na kuua vijidudu. Sikumwambia hivyo. Nilisema, "Sawa, Dada."

11 Juni

Fundi mwashi ameanza. Watu wanamwita Timazi, kwa sababu haweki hata tofali la kukalia bila kuning'iniza ile kamba yake ya timazi na kufumba jicho moja. Dada amempenda papo hapo. Amemwuliza maswali saa nzima, naye akajibu huku kavua kofia. Akaondoka akimwita "Mwalimu". Mimi, mwenye nyumba, ni "Mzee" tu.

19 Juni

Tumebishana. Mchoro unataka kitanda cha kokoto kiwe karibu nusu ya bwawa. Ili kipate nafasi hiyo lazima nibomoe banda langu la vifaa. Nimekata kauli kiwe theluthi.

"Kitakuwa kidogo," Dada akasema.

"Nitaweka pampu kubwa. Maji yatapita mara mbili zaidi."

"Yakipita mbio hayakai na mizizi. Nani amekwambia maji yanasafishwa kwa kufukuzwa?"

Timazi alikuwa anachanganya zege, akajitia hasikii. Baadaye nilimwona akipima tena lile banda kwa hatua, kisha akaniangalia. Nikamwambia aendelee na theluthi.

27 Juni

Plastiki nzito imetandikwa. Kokoto zimefika, malori mawili.

28 Juni

Timazi amezirudisha nusu, ana uhakika zimetoka kwenye kifusi. Zilizobaki anaziosha kwa mkono, ndoo moja baada ya nyingine, mpaka maji yatoke meupe. Siku nzima. Nimemwambia anajichosha bure.

3 Julai

Matete, mafunjo, mayungiyungi machache kwenye kina kifupi. Dada amekaa kwenye kiti chake cha kukunja akituelekeza kama darasa la tano. "Mizizi uioshe! Udongo ukiingia ndiyo chakula cha mwani." Timazi akaosha. Mimi niliposhika mche nikauosha kidogo tu, akaupokea mkononi mwangu bila neno, akauosha upya.

Jioni Dada amempigia simu mwalimu mkuu wa shule aliyokuwa akifundisha. Wanataka kujenga tangi kubwa la maji ya mvua. Amemwambia, "Nina fundi. Huyu ukimpa kazi, nenda kalale." Timazi ataanza huko Septemba. Alipopewa habari alishika kofia kwa mikono miwili.

9 Julai

Maji yamejaa. Nimewasha pampu saa nne asubuhi. Yamemwagika kwenye ukingo kwa usawa kabisa, utafikiri kitambaa. Dada amepiga makofi.

Tunapima kwa sahani nyeupe iliyofungwa kamba: unaizamisha mpaka isionekane, unasoma kamba. Leo inaonekana mpaka chini.

16 Julai

Sahani: mita moja.

20 Julai

Sahani: sentimita sitini. Rangi ya supu ya mboga.

23 Julai

Arobaini.

"Ni kawaida," Dada anasema. "Kitanda bado kichanga. Kipe wiki sita, nane." Kisha akaongeza, akiangalia banda langu: "Kingekuwa kikubwa, wiki nne." Nimejua alichomaanisha na kimenichoma.

29 Julai

Thelathini na tano. Anatembea kwa shida hata kutoka chumbani kwenda jikoni. Nimemkuta amesimama katikati ya ukumbi ameshika mgongo wa kochi, anajifanya anatazama picha ukutani. Picha yenyewe ni tangazo la kampuni ya bima.

1 Agosti

Amekuja yule bosi wangu wa zamani wa idara, kunijulia hali. Akazunguka bwawa, mikono nyuma, kama alivyokuwa akikagua mitambo. Akasema, "Bwana mkubwa, hongera. Umeingia kwenye ufugaji wa vyura?" Akacheka mpaka akakohoa. Nikacheka naye. Timazi, aliyekuja kurekebisha ukingo, hakucheka.

Alipoondoka, uso umenishuka siku nzima. Miaka thelathini na mmoja mji mzima ulikunywa maji yangu.

3 Agosti

Binti yake amempeleka Dada kliniki. Mimi nimekwenda duka la pembejeo nikanunua mrututu, ile chumvi ya shaba ya bluu wanayonyunyizia mimea yenye ukungu. Zamani tuliutumia kwenye mabwawa ya mji mwani ulipozidi. Hauna harufu. Niliuyeyusha kwenye ndoo nikaumwaga polepole kuzunguka bwawa lote, pampu ikiwa inafanya kazi.

Ni mara moja tu, ili kitanda kipate nafuu ya kuanzia. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nimeandika hapa nisije nikasahau kwamba ni mara moja tu.

7 Agosti

Sahani inaonekana mpaka chini! Maji yana rangi ya anga. Dada alisimama ukingoni, akaniangalia, macho yakamjaa machozi.

"Umeona, mdogo wangu? Umeona? Ulivumilia. Mimi nilidhani utakosa subira, maana nakujua."

Ningesema pale pale. Sentensi moja ilitosha. Badala yake nikamshika mkono kumteremsha kwenye ngazi. Maji yakamfika kifuani, akatembea hatua kumi kwenda na kumi kurudi, akicheka kama mtu anayetekenywa.

8 Agosti

Hatua sitini.

10 Agosti

Mia na ishirini. Amepika mwenyewe, kasimama.

13 Agosti

Ukijani umerudi kwenye kona. Ameenda sokoni na binti yake. Nimetia mrututu tena, kidogo kuliko mara ya kwanza.

15 Agosti

Mia mbili. Anaimba nyimbo za kufundishia jedwali la kuzidisha. Kwa kweli sijawahi kumwona na furaha hivi tangu tukiwa vijana. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka saba na yeye kumi na tano. Utoto wake uliishia hapo. Nimewaza: hata kama nimedanganya, ona nilichompa.

18 Agosti

Nimetia tena.

22 Agosti

Vipele vimemtoka mapajani, mikononi na mgongoni, na macho ni mekundu. Amekatisha mazoezi. Anasema labda ni sabuni. Nimekubali kwamba labda ni sabuni.

24 Agosti

Si sabuni. Malengelenge yamepasuka. Mafunjo nayo yanageuka manjano kuanzia ncha. Amekaa na vitabu vyake asubuhi nzima, miwani puani, akifuatilia jambo moja baada ya jingine, na mimi nimekaa mbele yake nikimenya viazi.

"Kokoto," akasema mwishowe. "Zile kokoto zilikuwa na kitu. Zilitoka kwenye kifusi, na kifusi kina chokaa, kina rangi, kina mafuta. Timazi alirudisha nusu tu."

"Aliziosha," nikasema.

"Aliziosha au alituonyesha kwamba anaziosha?"

Kiazi nilichokuwa nacho nilikimenya mpaka kikabaki kama gololi.

25 Agosti

Nataka kuiandika siku hii kama ilivyokuwa.

Timazi alikuja saa tatu. Dada alimwita kibarazani. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akamwonyesha mkono wake wenye vidonda.

"Fundi, nilikuamini kokoto zako. Nakuuliza mara moja. Ulizirudisha zote mbovu?"

"Nilizirudisha, Mwalimu. Hizi nilizochagua zilitoka mtoni, nilizipima kwa macho na kwa mkono. Nimeziosha mwenyewe. Mzee hapa aliniona."

Wakanigeukia wote wawili.

Nilisema, "Niliona akiosha." Kisha nikasema, "Lakini lori zima siwezi kulisemea."

Maneno matano tu, kwa hesabu yangu, nikamwangushia mtu jumba bovu. Na nilisema ukweli, hilo ndilo linalonitia aibu: kweli lori zima siwezi kulisemea.

Timazi aliniangalia kwa muda. Si kwa hasira. Kama anavyoangalia ukuta unaopinda huku anajua aliujenga wima. Kisha akavaa kofia yake. Dada akamwambia hahitaji kurudi.

Nilimsindikiza mpaka getini. Kwanza nilipita jikoni nikachukua soda baridi nikampa. Akaipokea. Nilimpa soda!

Niliporudi, Dada alikuwa kwenye simu na mwalimu mkuu. Nilisikia tu mwisho: "...watoto watakunywa maji ya tangi lile. Siwezi kubeba dhamana hiyo. Tafuta mwingine."

26 Agosti

Sijapima maji leo.

30 Agosti

Dada haingii tena majini. Vipele vinapungua. Magoti yanarudi kuwa mabaya.

2 Septemba

Konokono waliokuja na mimea wamekufa wote, wamelala chini kama vifungo. Nimewaokota kabla Dada hajaamka.

4 Septemba

Jua kali. Matete yanaoza mizizi. Nimepita mtaa anakoishi Timazi nikasimama kwenye kona, nikanunua vocha nisiyoihitaji, nikarudi.

9 Septemba

Dada alikuwa ameketi uani, binti yake, mpwa wangu, akimsuka. Mpwa akasema, "Mama, nywele zako nyeupe zimeingia rangi gani? Kama kijani hivi."

Nilikuwa mlangoni. Niliona Dada akichukua kioo. Akavuta msokoto mmoja mbele, akaugeuza juani. Akaugeuza tena.

"Hii ni shaba," akasema.

Hakumwangalia binti yake. Aliniangalia mimi.

"Shaba haitoki kwenye kifusi, wala kwenye chokaa. Maji ya bluu. Mwani umekufa ndani ya siku nne. Konokono wametoweka." Akaweka kioo mapajani. "Ulitia mrututu."

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Siku ile Timazi amesimama pale na kofia mkononi, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Dada."

Mpwa aliacha nywele nusu hazijasukwa. Dada akajaribu kuinuka, akashindwa, na alipoona nakwenda kumshika akainua kiganja nisimame pale pale nilipo.

"Ngozi yangu ni yangu, ingepona," akasema. "Bwawa ni lako. Lakini umeniacha nimtukane mtu wa watu. Mimi! Kwa mdomo wangu! Umekaa unamenya viazi, unanisikiliza nikipanga hoja moja baada ya nyingine kama mwehu, na kila hoja unajua si kweli."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi nimewahi kukupiga?"

Hajawahi. Hata mara moja.

10 Septemba

Amempigia simu mwalimu mkuu tangu asubuhi, amemweleza yote bila kujipunguzia. Fundi mwingine ameshaanza kuchimba tangu juma lililopita. Mkataba umeshasainiwa. Mwalimu mkuu amempa pole. Timazi hayupo, mke wake amesema kazi za hapa zimemkauka tangu habari za kokoto zilipoenea, amekwenda mji wa pili kutafuta kibarua.

12 Septemba

Dada ameondoka. Walikuja vijana wawili wa jirani na mpwa wangu, wakambeba na kiti chake kumpandisha ngazi, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilibaki chini na sufuria. Nilizifikisha mlangoni mpwa akazipokea. "Asante, Mjomba," akasema, na mlango ukafungwa kwa upole sana.

17 Septemba

Nimebomoa banda.

Mrututu haupotei. Umekaa kwenye kokoto, kwenye mizizi, kila mahali. Maji nimeyavutisha kwa gari la maji taka. Kokoto natoa kwa koleo, mwenyewe. Rundo limekaa uani chini ya turubai na sijui nilipeleke wapi.

24 Septemba

Mgongo. Mikono.

30 Septemba

Kitanda sasa ni nusu ya bwawa, kama kalenda ilivyosema. Nimempata mtu wa kokoto za mtoni. Naosha. Ndoo thelathini kwa siku ndizo ninazoweza. Ya kwanza inatoka maji ya chai, ya pili maziwa, ya tatu, ya nne... Mpaka ndoo ya mia hivi ndipo nilipoelewa kwamba mtu hawezi kufanya kazi hii kwa kujionyesha. Hakuna anayetazama. Unaosha au huoshi.

5 Oktoba

Nimekwenda kumwona Timazi. Saa mbili kwa basi. Nilimkuta kwenye jengo la zahanati, anapiga lipu chini ya fundi mwingine, kijana wa umri wa mwanawe. Nikamweleza nikiwa nimesimama kwenye vumbi la saruji. Aliendelea kulainisha ukuta.

"Mwalimu alijua lini?" akauliza.

"Tarehe tisa mwezi uliopita."

"Na wewe Mzee?"

"Tangu mwanzo."

Akachota udongo wa lipu, akautupia ukutani, akausambaza.

"Ungenivuta pembeni siku ile," akasema. "Ungesema, Timazi, nimeharibu, nisaidie. Ningekusaidia. Pengine hata ningekubali ni kokoto zangu, tukapanga la kumwambia Mwalimu polepole. Mimi si mtu mgumu. Lakini ulinyamaza, halafu ukanipa soda." Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Ile soda niliinywa nikiwa njiani, nikasema moyoni, huyu mzee angalau ana utu."

Nikamwomba arudi, nimtafutie kazi, nizunguke nyumba kwa nyumba niseme ukweli. Akasema nizunguke, hakatazi. Kurudi hawezi, hapa ameahidi mpaka zahanati iishe.

Nilipofika kwenye kiunzi cha mlango akaniita. "Zile kokoto za zamani umezitupa wapi?"

"Bado zipo uani."

"Usitupe kwenye mfereji. Kuna watu wanalima kule chini. Zifungie ndani ya zege, msingi wa kitu chochote. Na zege lako usizidishe maji."

7–12 Oktoba

Nimezunguka. Nyumba kumi na tisa na shule. Wengine walinikaribisha ndani, wengine walinisikilizia getini. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alisema, "Sasa Mzee, wewe mtu mzima kweli ukafanya hivyo?" Nikasema nilifanya.

14 Oktoba

Maji yamejaa. Pampu ndogo, koki nimeifunga robo tatu. Yanapanda kwenye kokoto kwa uvivu kabisa.

21 Oktoba

Sahani: themanini. Ukijani. Sijagusa kitu.

26 Oktoba

Hamsini. Sijagusa kitu.

Nimempigia Dada kumsalimu. Mpwa amesema amelala. Ilikuwa saa tano asubuhi.

3 Novemba

Sabini.

11 Novemba

Mita moja na nusu. Matete yametoa machipukizi kumi na moja. Kuna kereng'ende.

Mpwa amekuja kuchukua yale masanduku ya vitabu. Alisimama kwenye ukingo muda mrefu. Nikamwuliza habari za mama yake. Amesema sasa hata kufika dirishani ni kwa kushikwa. Daktari ameacha kuzungumza habari za mazoezi, anazungumza habari za kiti cha magurudumu.

"Mjomba, maji mazuri haya," akasema, kisha akaingia ndani haraka kubeba masanduku.

19 Novemba

Mvua ya kwanza. Imeanza mchana, nzito, bati zima linaunguruma. Nilikuwa naangalia kama kitanda kitafurika, hakikufurika, simu ikalia. Alikuwa Dada mwenyewe.

Ameniuliza habari za maji. Nikamwambia yanaonekana mpaka chini, ila kona moja ina utando wa kijani ambao haujaisha. Akasema kona hiyo haipati mzunguko, nisogeze mdomo wa bomba kidogo. Ameniambia amezungumza na Timazi kwenye simu, mara mbili. Zahanati imekaribia kwisha na kuna mtu wa mtaa wetu amemwita aje kujenga ukuta.

Nikapata nguvu. Nikamwambia tutaweka njia isiyo na ngazi kuingia majini, hata kwa kiti cha magurudumu, nimeshapima mteremko. Nikamwambia chumba chake nimekipaka rangi.

Kisha akasema:

"Nimekusamehe zamani. Lakini siji. Kila nikikutazama najiona mimi nimeshika simu, namwambia mwalimu mkuu yale maneno."

Mvua ilikuwa inapiga sana. Nikasema, "Dada, sikusikia."

Akarudia. Pole pole, kwa sauti ya darasani, neno kwa neno, bila kupunguza hata moja.

"Nilisikia mara ya kwanza," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Nimekulea mimi."